Tochi Iliyomulika Jicho la Bibi

Wiki iliyopita mume wangu alirudi kutoka Katoro na tochi. Lidude lenyewe lina mpini, zito kama kilo ya sukari, la kuchaji, na mwanga wake mweupe mpaka unauma. Wanangu hawakungoja hata ugali uive. Walitoka nalo nje, nikawasikia wakihesabu hatua, "arobaini na nane, arobaini na tisa," kisha mkubwa akaita, "Mama, njoo uone! Macho ya paka wa jirani yanawaka!" Nilitoka na mwiko mkononi, nikamnyang'anya tochi, nikawafokea maneno ambayo hata mimi sikujua yanatoka wapi. Mdogo akaanza kulia. Mume wangu akasimama mlangoni, akaniuliza, "Mama Neema, kwani kuna nini?" Nikamjibu hakuna kitu. Niliizima tochi, nikaiweka juu ya kabati, nikarudi jikoni nikakuta ugali umeshaungua.

Kitu kilikuwepo, jamani. Nimekaa nacho miaka yote hii, na nina umri sasa wa kutosha kukisema.

Nimelelewa na bibi yangu, mzaa baba, katika kijiji kimoja upande wa Mhunze. Jina la kijiji sitalitaja, maana watu wake bado wapo na wengine niliwapenda. Baba yangu, Mabula, alikuwa mchimbaji huku Geita, anahama na mashimo. Likifa hili anakwenda lile. Mama alimfuata, akawa anawapikia wachimbaji. Mimi niliachwa kwa Bibi kwa sababu moja tu: Bibi alikuwa haoni. Kwetu mzee akianza kupapasa ukuta, ukoo unatafuta mjukuu unampa. Mimi nilipewa Bibi kabla sijaanza shule. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono kwenda chooni, kanisani na misibani, na kumnong'oneza nani anakuja njiani ili yeye awahi kumsalimia kwa jina. Mchezo huo aliupenda kupita kiasi. "Mwadila, Mama Holo!" anaita kwa salamu yetu ya Kisukuma, na jirani yetu Mama Holo anacheka mpaka anatua ndoo chini. "Mama Mabula, wewe kweli huoni, au unatuchezea akili?"

Halafu wakaja madaktari wa macho, wakapiga kambi hospitali ya wilaya. Ikatangazwa kanisani na msikitini, wenye mtoto wa jicho waende. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Walianza na la kushoto, wakamwambia la kulia arudi baada ya miezi kadhaa, jicho la kwanza likishapona. Siku ya kufungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele ya kitanda chake. Alifumbua jicho, akanitazama muda mrefu, sura yangu hajawahi kuiona tangu nipate meno ya kikubwa. "Kumbe ndiyo wewe?" akasema. "Mbona una mwanya wa kupitisha punda?" Wodi nzima ikacheka. Yeye alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na nesi akamkataza kulia eti ataharibu dawa.

Nesi huyo alinieleza kwamba wametoa uchafu ndani ya jicho na wameweka kioo kidogo mahali pake. Mimi kioo nilichokijua ni kile cha dukani, cha kujitazamia. Nikafikiri wamekikata kipande kwa mkasi, kidogo kama punje ya mtama, wakakichomeka. Sikuuliza zaidi, nilitosheka.

Basi Bibi akawa mtu mwingine. Alichambua mawe kwenye maharage mwenyewe. Alitunga uzi kwenye sindano, kisha akaishika juu watu waione, na asipokuwepo mtu wa kuona ananiita mimi. Aligundua kwamba ukuta wa jikoni umechakaa, akaupiga chokaa. Akagundua kwamba mbuzi wake mmoja ana sikio lililochanika, akakasirika na sisi wote kwa kumficha. Nami, nakiri, furaha yangu ilikuwa na doa. Mkono wangu ulikuwa hauna kazi tena. Akienda kanisani alitangulia mbele, kitenge kinapepea, na mimi namfuata nyuma kama mtoto yeyote.

Baba alikuja baada ya mavuno ya pamba, na tochi ikiwa bado ndani ya boksi. Kule kwetu fisi walikuwa wamezoea kuja mpaka kwenye zizi, ndiyo maana aliileta. Boksi liliandikwa kwamba mwanga unafika mita elfu moja. Baba haamini maandishi. "Hawa wanaoandika maboksi wanatuona sisi wajinga," alisema. Jua lilipozama tu alinipa sahani nyeupe ya bati, ile ya Bibi ya wageni, akaniambia nitembee kuelekea mbugani nimeishika kifuani, nihesabu hatua kwa sauti, na kila hatua hamsini nisimame, nigeuke.

Mbuga ilikuwa tupu, pamba imeng'olewa, udongo mweusi umepasuka nyufa za kuzamisha mguu. Nilitembea nikihesabu. Hamsini, nageuka, Baba anamulika, anapiga mluzi: sahani anaiona. Mia moja, mluzi. Mia moja na hamsini, mluzi. Nikiwa natembea mwanga ulinipiga mgongoni, na kivuli changu kilitangulia mbele kirefu hata siuoni mwisho wake. Nilikuwa mtoto mwoga, gunia likianguka nalia, lakini jioni ile sikuogopa hata kidogo. Kwenye mia tatu na hamsini mluzi haukuja. Nilirudi hatua kumi, ukaja. "Mia tatu na arobaini!" Baba akapaza sauti. "Hiyo ndiyo elfu moja yao!" Bibi alikuwa amekaa uani, naye akapaza sauti yake nimsikie huko huko nilipo: "Mabula, mimi hiyo sahani naiona hata bila tochi yako! Ina ufa pembeni!" Uongo mtupu. Tulicheka wote watatu, mimi peke yangu mbugani na sahani yangu kifuani.

Kesho yake Baba alinionyesha jambo jingine. Mfukoni alikuwa na kipande cha jiwe kutoka shimoni. "Njoo nikufundishe tunavyotafuta rangi," aliniambia. Rangi wachimbaji wanaita ile chembe ya dhahabu inapojitokeza kwenye jiwe. Tuliingia ndani kwenye giza. Alilimulika jiwe tochi ikiwa kiunoni, sikuona kitu. Akaniwekea tochi kwenye paji la uso, karibu kabisa na jicho langu, na pale pale chembe mbili zikametameta. "Umeona? Mwanga lazima utokee pale jicho linapotazamia. Ukimulika kutoka kiunoni, jiwe linakunyima. Unadhani kwa nini taa zetu tunavaa kichwani?" Niliona Baba yangu ndiye mtu mwenye akili kuliko wote. Siku mbili baadaye alirudi Geita, akatuachia tochi na kipande cha sola cha kuichajia.

Rafiki yangu alikuwa Holo, binti wa yule Mama Holo, tuko darasa moja. Jioni baada ya kufunga mbuzi tulikuwa tunapima tochi. Tulipima inafika kwenye mti gani, kwenye kichuguu gani, kwenye bati la nani. Mimi nilimfundisha Holo ile elimu ya paji la uso, na hapo tukagundua macho ya wanyama. Ya mbuzi yaliwaka kijani, hatua themanini. Paka, hatua sitini, lakini makali zaidi. Ng'ombe, mbwa, hata buibui kwenye nyasi. Tukajaribu watu. Tulimulikana sisi kwa sisi, tukammulika kaka yake Holo mpaka akaturushia kiatu, na macho ya watu hayakuwaka. Tulisikitika.

Jioni moja Holo hakuja, nikabaki na tochi peke yangu. Bibi alikuwa anarudi kutoka zizini, hatua kama kumi na tano hivi. Niliinua tochi kwenye paji langu, nikawasha. Jicho lake la kushoto likawaka. Ilikuwa nukta moja nyeupe, ikapotea, akageuza kichwa, ikarudi. Loo, furaha niliyoipata! "Bibi, kioo chako kinawaka!" Yeye akaziba uso kwa mkono. "Wewe, zima! Unanichoma, na chaji inakwisha bure." Akapita ndani kupika.

Mimi usingizi ulichelewa kwa furaha. Asubuhi njiani kwenda shule nilimwambia Holo kwa mbwembwe zangu zote: Bibi yangu jicho lake linawaka kushinda la paka. Habari ya kioo sikumwambia. Niliifahamu vizuri, na niliiacha makusudi, kwa sababu ukishasema kioo utamu wote unaisha. Nilitaka Holo ashangae. Holo hakushangaa nilivyotaka. Alinitazama, akauliza, "Jioni? Wakati wa giza?" Nikamjibu ndiyo. Akanyamaza mpaka tukafika shule.

Ninyi mliokulia upande ule, wa rika langu, mnajua kwa nini Holo alinyamaza. Macho ya bibi kizee kwetu hayakuwa jambo la mzaha. Bibi zetu walipikia mavi ya ng'ombe maana kuni hakuna, moshi uliwafanya macho mekundu maisha yao yote, na wekundu huo ulishawaponza wengi, wakaitwa wachawi, wakauawa. Watoto tulikuwa tunasikia watu wazima wakisema fulani wamemwonea, wakituona wananyamaza. Mimi nilisikia kama wengine, lakini maneno hayo nilidhani yanahusu bibi wa watu wengine. Wangu alikuwa anaimba kwaya.

Holo alikuwa na mdogo wake, bado wa kubebwa mgongoni. Mtoto yule alishikwa na homa Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Bibi alikwenda msibani bila mkono wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapita katikati ya watu akisalimia kila mmoja kwa jina. Alikwenda kukaa mkekani na wanawake wenzake. Wanawake wakasogea, mkeka ukabaki mtupu kulia na kushoto kwake. Mimi nilidhani wanampa mzee nafasi ya kunyoosha miguu. Nilijisikia fahari.

Baada ya hapo Mama Holo akaacha kuitikia. "Mwadila!" Bibi anaita kutoka uani, na Mama Holo anapita na ndoo yake, shingo imekaza. "Ana msiba," Bibi aliniambia. "Mtu mwenye msiba anaachwa." Holo naye alihama dawati. Nilimuuliza nimekukosea nini, akasema mama yake kamkataza kukaa na mimi.

Walikuja jioni ya Jumapili, giza ndiyo linaingia, kuku wameshapanda lakini hatujala. Wanaume wanne: Baba Holo, mwenyekiti wa kitongoji, na wawili wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Niliwaletea viti. Walimwamkia Bibi shikamoo, wote wanne, akaitikia. Baba Holo alikuwa amekonda, shati linamning'inia, na hakukaa. Siwezi kumchukia mtu yule hata leo. Alikuwa ametoka kumzika mtoto wake.

Mwenyekiti ndiye alianza. "Mama, kuna maneno yanazunguka. Wanasema jicho lako usiku linawaka kama la mnyama. Mimi nimewaambia huo ni upuuzi, lakini tukinyamaza yataleta balaa. Nimeona tuje wote, tumulike, tuone hakuna kitu, tuyamalize leo."

Bibi alicheka. Nakumbuka alicheka kweli, kwa sauti. "Na hilo ndilo limewatoa majumbani kwenu? Nimekaa gizani miaka yote ile, leo niogope tochi? Nimulikeni." Akaondoka kwenye kigoda, akatembea mwenyewe mpaka kwenye mlango wa zizi, akasimama ametutazama, mikono ameiacha chini.

Tochi yao ilikuwa ya betri, imechoka, mwanga wake wa njano haukufika hata kwa kuku. Mwenyekiti akanigeukia. "Minza, mwanangu, tuletee ile ya baba yako." Nilikimbia! Nilidhani wamekuja kuona ajabu la nyumbani kwetu. Nilidhani Holo ameeneza sifa, na wakubwa wamekuja kuthibitisha. Nilimpa mwenyekiti tochi kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa kumpa mtu mkubwa kitu.

Aliishika kiunoni, akawasha. Bibi akang'aa mwili mzima: kitenge, mikono, uso wake. Macho yake yalikuwa macho ya mtu. Mwenyekiti akampa mmoja wa sungusungu, naye akamulika vile vile, tochi iko tumboni. Hakuna kitu. Yule wa pili akamulika, hakuna kitu. Baba Holo akashusha pumzi. Namsikia mpaka leo anavyoishusha. Akasema, "Basi. Hakuna kitu. Tumwombe mama msamaha twende zetu."

Mwenyekiti akacheka kwa kupata nafuu. "Si nilisema? Maneno ya watoto bwana. Waongo hawa."

Neno hilo lilinichoma. Mimi sikuwa mwongo. Nilikuwa nimeliona jicho linawaka kwa macho yangu mawili, na hawa watu wazima hawajui hata kushika tochi, na kesho Holo ataambiwa Minza ni mwongo, na shule nzima itajua. Nikavuta mkono wa mwenyekiti. "Siyo hivyo," nikamwambia. "Mnakosea. Ukimulika kutoka tumboni linakunyima. Weka hapa." Nikamwonyesha paji langu la uso. "Hapa, karibu na jicho. Halafu mwambie ageuze kichwa kidogo."

Mwenyekiti alinitazama. Alikuwa mtu mwema, nadhani angeacha. Lakini Baba Holo alikuwa ameshachukua tochi mkononi mwake, akaiinua mpaka kwenye paji la uso kama nilivyosema, akaita kwa sauti ya adabu, "Mama, geuza kichwa kidogo." Na Bibi akageuza.

Jicho likawaka.

Mmoja wa sungusungu alirudi nyuma akakanyaga kigoda. Baba Holo akaishusha tochi, akaiinua, akaishusha tena, na nukta ile kwenye jicho la Bibi ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Nilizitazama nyuso zao, na hapo ndipo nikajua nimefanya jambo, ingawa sikujua ni jambo gani. "Ni kioo!" nikasema. "Ni kioo cha daktari! Wamemwekea kioo!" Mwenyekiti akasema taratibu, bila kunitazama, "Mwanangu, waliofanyiwa macho ni wengi hapa kijijini. Hatujawahi kuona." Kweli hawajawahi. Nani alishawahi kusimama na tochi ya mchimbaji kwenye paji la uso akamwambia mzee ageuze kichwa?

Bibi aliuliza kutoka kule zizini, "Vipi, mmemaliza?" Baba Holo alizima tochi, akanirudishia. "Wabeja," aliniambia, asante, kama mtu aliyeazimwa jembe. Wakaondoka bila kuaga.

Mwenyekiti alirudi peke yake baadaye kidogo, akakaa mlangoni petu na rungu mpaka kukapambazuka. Ndiye aliyempigia Baba simu. Nilimsikia akisema, "Mabula, njoo umchukue mama yako leo. Mimi nitalinda leo, na kesho labda, lakini siwezi kulinda kila siku." Baba alifika na gari la kukodi kabla ya jioni. Tulipakia kitanda, masufuria, magunia mawili ya michembe, viazi vitamu vya kukausha. Mbuzi tuliwaacha. Bibi alikaa mbele na dereva, uso ameufunika kwa khanga, na tulipopita kwa Mama Holo hakugeuza shingo. Wiki mbili baadaye tulipata habari kwamba nyumba imechomwa, na ukuta wake wa chokaa.

Njiani Baba aliuliza, "Ni nani aliwaambia waweke tochi pale? Hawa si wachimbaji, wangejuaje?" Nilikuwa nyuma, katikati ya masufuria. Nilibana pumzi. Bibi akajibu kutoka ndani ya khanga yake, "Mimi nilikuwa nimemulikwa, Mabula. Ningeona nini?" Nikashukuru. Nikajiambia hakusikia, alikuwa mbali, mbuzi walikuwa wanalia, na mimi nilisema kwa sauti ndogo. Hilo la kwamba hakusikia nililishikilia kwa miaka. Nililipigia magoti kanisani.

Tulipanga vyumba viwili hapa Geita mjini, mtaa wa Kalangalala. Bibi hakuzoea mji. Mchana alikaa ndani anashona vitambaa, maana jicho la kushoto lilikuwa bado zima, bado anatunga uzi, ila sasa hakumwita mtu kuona. Giza likiingia hakutoka hata chooni bila kujifunika, na taa ya bodaboda ikipita dirishani aligeukia ukuta. Tarehe ya kufanyiwa jicho la kulia ilipita. Baba alimbembeleza, mama alimbembeleza, mchungaji alikuja kumbembeleza. Akasema hataki kioo kingine. Lile jicho likafa polepole, likawa jeupe. Kila mwaka kiangazi kikifika alimuuliza Baba kama mambo kule yametulia, na Baba kila mwaka alisema bado kidogo, Mama, bado kidogo. Baadaye akaacha kuuliza. Alikufa nikiwa nimemaliza kidato cha nne, akazikwa hapa hapa Geita, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa ukoo wake.

Nimetangulia mwisho, lakini kuna siku moja kabla ya hapo ndiyo inayonisumbua. Nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi Bibi aliamka, akavaa nguo zake za kanisani, akaniambia nimpeleke kwa daktari wa macho. Nyumba nzima ilifurahi. Baba alimkumbatia. Tulijua amekubali.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, si wa kwetu, Kisukuma hajui. Na Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuombea maji tu. Nilikaa katikati yao nikawa mkalimani. Daktari alimwamkia, akamtazama macho yote mawili, akatabasamu. "La kushoto liko vizuri sana, Bibi, walikufanyia kazi nzuri. Hili la kulia umechelewa lakini tutajaribu. Ni kazi ndogo, hutasikia maumivu."

Nikamwambia Bibi. Akajibu maneno machache, nikamwomba arudie, akarudia yale yale.

"Anasema hakuja kwa ajili ya hilo," nikamwambia daktari. "Anaomba mumtoe kioo cha kushoto."

"Kinamuuma?"

"Hapana."

"Haoni nacho?"

"Anaona. Anatunga mpaka sindano."

"Sasa anataka kitolewe kwa nini?"

Nikamuuliza Bibi. Alieleza kwa utulivu, mikono ameifumbata mapajani, na mimi nikawa natafsiri kipande kwa kipande. Anasema anataka kurudi kwake. Anasema kioo kikitoka, wale watu wakimmulika tena hawataona kitu, na watamwacha akae nyumbani kwake mpaka afe.

Daktari aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kioo hakitolewi hivyo, na kikitolewa Bibi hataona kabisa, atabaki kipofu wa macho yote mawili. Hakuna daktari atakayekubali. Nikamwambia Bibi maneno hayo, neno kwa neno.

Bibi akatikisa kichwa. Alinigeukia, akaweka mkono wake juu ya goti langu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo siliwezi hadi leo. Alinisemesha kama anavyosemeshwa mtoto aliyetumwa dukani akarudi na kitu kisichotakiwa.

"Hujamweleza vizuri, ng'wana wane," akasema. "Mweleze vizuri, kama ulivyowaeleza wale."

Daktari alikuwa ananitazama, anasubiri nitafsiri.